Bei ya Mwisho na Ada ya Urahisi

Wazazi wake walimwita Shaban, jina la mwezi mzima, lakini Tunduma ilimwita Bei ya Mwisho, naye aliitika. Ukishuka stendi ukaulizia kwa Shaban Mkwizu, watu watakuuliza Shaban yupi. Ukiulizia kwa Bei ya Mwisho, unasindikizwa hadi mlangoni, na njiani unasimuliwa visa vyake bila kuomba.

Jina alilichuma kwa jasho. Hakuwahi kununua kitu bila kuuliza, "Sasa, bei ya mwisho ngapi?" Aliuliza kwa muuza nyanya, aliuliza kwa fundi saa, aliuliza kwa ngariba aliyekuja kumtahiri mwanawe Yassir, mtoto akiwa amekwishashikwa miguu. Baba yake alipofariki, Mungu amrehemu, aliulizia dukani bei ya mwisho ya sanda, na mwenye duka, ambaye hakuwahi kukutana na jambo kama hilo, akampunguzia kwa mshtuko. Siku moja homa ilimlaza zahanati, nesi akamwandikia sindano tano. Wagonjwa wenzake walimsikia akisema kwa sauti ya mtu anayekata roho, "Dada, tatu basi."

Kazi yake ilikuwa kubadilisha fedha. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na uzio wa mpaka, mfuko wa kushoto shilingi, wa kulia kwacha, na katikati tumbo. Alikuja mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya tisini akiwa utingo wa lori kutoka Tanga. Lori likaharibika, tajiri akachelewa kuleta spea, na Shaban akiwa anasubiri akagundua kwamba kwenye mpaka mtu anaweza kula kwa kukaa tu, mradi ajue lini bei inapanda na lini inashuka. Kazi hiyo, tumpe haki yake, aliijua. Mwaka ule Wazambia walipoikata kwacha yao sifuri tatu, wabadilisha fedha wazima na ndevu zao walichanganyikiwa hadi wengine wakawalipa wateja mara mbili. Shaban alikunywa chai yake, akangoja vumbi litulie, akaendelea.

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya pili: kungoja. Aliamini kila bei ina homa, na homa ikiachwa hushuka yenyewe. "Subira yavuta heri," alikuwa akisema, huku anajikuna tumbo.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe alikuwa akimjibu.

Mkewe ni Zuleha, mama vitumbua wa mtaa wa Sogea. Ilikuwa ajabu ya Mungu kwamba hawa wawili walilala chini ya chandarua kimoja, kwa sababu Zuleha hakujua kupunguza wala kupunguziwa. "Kitumbua mia. Hutaki, pita, unanizibia wateja." Ndivyo alivyowaambia madereva wa malori, ndivyo alivyomwambia ofisa wa forodha, na kuna siku alimwambia hivyo hivyo mumewe. Shaban aliomba vitumbua kumi kwa mia nane, ndani ya nyumba yake, akala mkono mtupu.

Walioana mwaka wa tisini na tano huko Muheza. Shaban alikaa na baba mkwe tangu adhuhuri mpaka magharibi wakivutana juu ya mahari, na alipotoka ndani uso uling'aa, kwani alikuwa amepunguziwa robo na kupewa mkeka mpya kama nyongeza. Zuleha alisikia kila neno kupitia dirisha la uani. Mpaka leo, wakikorofishana, hulitaja hilo. "Mimi nilipunguzwa," husema. "Na mkeka juu."

Lakini Zuleha naye alitoa sharti lake siku ile. Alikuwa mtoto wa taarabu. Alilelewa kwenye taarabu kama wengine wanavyolelewa kwenye maziwa, na aliambiwa Tunduma ni baridi, maharage na makelele ya malori. "Nitakwenda," alimwambia bwana harusi. "Ila uniahidi kiti cha taarabu. Kikundi kikija huko mwisho wa dunia, mimi niwe ndani, nimekaa." Shaban akaahidi. Ahadi haikuwa na bei, ndiyo maana hakuivutania.

Mara ya kwanza kikundi kilikuja Mbeya. Walifunga safari, wakafika mlangoni, Shaban akaanza kuzungumza na muuza tiketi. Alipomaliza kuzungumza ukumbi ulikuwa umejaa. Mara ya pili, pia Mbeya, alikuwa amejifunza. Alijua kwamba onyesho likifika katikati, bei ya mlangoni hushuka. Wakangoja nje, Zuleha amevaa gauni la kijani na hina mikononi, mpaka bei ikashuka kweli. Waliingia kwa nusu bei. Wapiga vyombo walikuwa wanakunja nyaya.

Kuna la tatu, na hilo hakuna aliyelifanyia mzaha, hata huyu anayesimulia. Mama yake Zuleha aliugua huko Muheza wakati wa Idi, nauli za mabasi zilipopanda kama kawaida ya Idi. Shaban alisema wangoje kidogo tu, zikishuka waende. Zilishuka. Zuleha alifika akakuta watu wanatoka makaburini, na majembe yana udongo mbichi. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akaingia ndani kwa wanawake wenzake, na Shaban aliona aibu ambayo haikumtoka tena. Tangu siku hiyo, kila akimwona mkewe amekaa kimya, moyo ulimwuma.

Sasa, Ramadhani ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, mabango yakabandikwa mji mzima. Kikundi cha Ua la Sahare, kutoka Tanga, kingetumbuiza Tunduma. Mbeya hapana, Tunduma yenyewe, ukumbini Sogea, Idi Pili, saa nane mchana kwa sababu baridi ya Julai ya huku iliwatisha waimbaji. Elfu kumi tu, bango lilisema, na neno "tu" lilikuwa kubwa kuliko picha ya mwimbaji.

Zuleha aliliona bango saa za kuandaa futari. Alirudi, akainjika chuma cha vitumbua, akamimina unga, na bila kugeuka akasema, "Baba Yassir, umeona tangazo?"

"Nimeliona."

"Safari hii ikinipita, narudi Muheza."

"Utawasalimia wote," Shaban akasema, akicheka.

"Siendi kusalimia. Narudi."

Aligeuza kitumbua. Shaban akangoja acheke. Hakucheka. Usiku huo, alipoingia chumbani, alikuta begi la kijani limeshushwa kutoka juu ya kabati na kuwekwa karibu na mlango. Lilikuwa tupu, lakini limefutwa vumbi.

Asubuhi yake Shaban alikwenda kununua tiketi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na nia ya kununua haraka. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba tiketi haziuzwi na mtu. Waandaaji walikuwa watu wa kisasa. Tiketi zote, bango lilisema kwa herufi za chini, ni kwa mtandao, na malipo ni kwa simu. Getini hakuna kuuziwa.

Alikwenda kwa Restuta, mama wa Kinyiha kutoka Isansa aliyekuwa na kibanda cha fedha za simu na fotokopi. Restuta akafungua simu yake kubwa, akatafuta, akapata.

"Haya Mzee Shaban. Viti viwili, elfu ishirini."

"Lipa."

"Nabonyeza... Ngoja. Imeongeza ada ya huduma. Elfu ishirini na moja na mia nane."

"Huduma ipi, wakati anayebonyeza ni wewe?"

"Sijui, baba. Nabonyeza tena. Ada ya mfumo. Elfu ishirini na tatu na mia moja. Nabonyeza tena. Ada ya urahisi. Elfu ishirini na nne na mia tatu."

Shaban aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Rudia hiyo."

"Ada ya urahisi."

"Urahisi wa nani?"

Restuta alitazama simu kana kwamba inaweza kumjibu. Watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma wakasogea, maana walijua wako mahali pazuri. Shaban akavuta kiti, akakaa, akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalingoja. "Sasa, bei ya mwisho ngapi?"

"Mzee, humu hamna mtu wa kumuuliza."

"Lazima yupo. Bei haijiwekei yenyewe. Tafuta alipo."

Restuta, kwa kuwa alitaka foleni iishe, akamtafutia sehemu ya maoni. Shaban akaamuru aandikiwe: Assalamu alaikum, nimeona bei yenu, sisi ni wateja wazuri na tunafuturu vizuri, niambieni bei ya mwisho. Jibu likaja papo hapo, na Shaban akafurahi mpaka liliposomwa. Lilisema asante kwa maoni yako, tunakuthamini sana. Wakati huo huo simu ikaandika kwamba muda wake wa kununua umekwisha na aanze upya. Walipoanza upya, ilikuwa elfu ishirini na tano.

"Mnaona?" Shaban akawaambia watu wa foleni. "Inapanda. Kitu kinachopanda kinashuka." Akainuka akaenda zake, na ile nia ya kununua haraka ikabaki pale kwenye kiti.

Alikuwa na simu ya mtandao, ya mitumba, aliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa bei ambayo bado alikuwa akiisimulia. Alipofika kwenye kigoda chake mpakani akaifungua, akafuata hatua alizoziona kwa Restuta. Viti viwili: elfu arobaini na moja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Elfu arobaini na moja. Chini ya namba kulikuwa na maandishi madogo kama chawa, lakini miwani ile nayo aliinunua kwa bei ya mwisho, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa juu ya pua. Kabla hajamaliza kushangaa, vocha ikamwishia.

Adhuhuri, akitoka msikitini, akafungua tena. Elfu ishirini na sita. Alasiri kwenye kigoda, arobaini na mbili. Jioni nyumbani, ishirini na tano na mia tano. Mtu mwingine angeichukia simu. Shaban Mkwizu, mbadilisha fedha, alihisi damu inamchemka kwa raha. Alikuwa amekwishaielewa. Hii ni kwacha, akajiambia. Hii ni kwacha iliyovaa baibui.

Kuanzia hapo akaifanyia kazi. Aligundua kwamba asubuhi na alasiri, malori yakiwa mengi mpakani, tiketi hupanda. Saa za sala hushuka. Jioni hutulia. Akasema wazi kwamba ni kwa sababu ya dola. Watu wa Pwani waliokuwa Tunduma, wauza vitenge, mawakala wa forodha, wake wa madereva, wakaanza kupita kwenye kigoda chake wakimuuliza, "Bei ya Mwisho, tiketi inasimamaje leo?" Naye alikuwa akinusa hewa, akiitazama foleni ya malori, kisha akitoa hukumu. "Usiguse. Ngojeni mwezi uandame." Wakamwamini, kwa sababu kwenye kwacha hakuwahi kuwadanganya.

"Umenunua?" Zuleha alimuuliza kila jioni, wakifuturu.

"Inashuka, Mama Yassir."

Zuleha alikunywa uji wake. Begi pale mlangoni likaanza kuingiwa na vitu. Kwanza khanga mbili. Kisha viatu. Siku Shaban alipoona chuma cha vitumbua kimeoshwa na kufungwa kwa gazeti, japo kesho yake kilifunguliwa tena kwa kazi, usingizi ulimruka. Aliogopa. Lakini hofu na tabia ni ndugu wasiosalimiana, na asubuhi alijikuta tena kwenye kigoda anaitazama bei.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mfungo, watu wanajiuliza kama mwezi utaonekana, ndipo Enesi alipokuja kubadilisha fedha. Enesi ni Mzambia wa Nakonde, muuza salaula, ndiyo mitumba ya kwao, mwanamke wa kicheko kikubwa, na alikuwa mteja wa Shaban wa miaka mingi.

"Mulishani, ba Shabani! Mbona sura imekuwa ya msiba?"

"Bwino, mama. Tiketi za taarabu. Leo zimefika arobaini na tano."

"Awe! Mimi nimenunua siku nyingi. Sisi tuko nje ya Tanzania, wanatuongezea ada ya mgeni, nikalipa nikasahau. Lakini wewe, mwandi, wewe ni wa hapa. Arobaini na tano ya nini?" Akanyoosha mkono. "Leta foni."

Aliisoma kwa macho yake mazima. Kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikawageuza hata walinzi wa uzio. "Ba Shabani! Hapa wameandika ada ya mnunuzi aliye nje ya nchi. Foni yako iko kwetu! Inakunywa mnara wa Nakonde. Wewe umekaa Tanzania, foni imevuka!"

Shaban akaitazama simu. Ni kweli kwamba kila akikaa hapa ilikuwa ikimletea ujumbe wa kumkaribisha Zambia, na kila siku alikuwa akiufuta kama inzi. Ni kweli pia kwamba hapa ndipo vocha ilipokuwa ikiyeyuka. Mwezi mzima, kila alipokaa kwenye kigoda alikuwa mgeni, na alipokwenda msikitini alirudi kuwa raia. Malori hayakuhusika. Dola haikuhusika. Mtu aliyekula kwa mpaka miaka zaidi ya ishirini, mpaka ulikuwa umemla, tena bila kumwinua kwenye kigoda. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Hakubishana. Alifunga mifuko yake, akarukia bodaboda, akasema, "Mpemba!" kwa sababu Mpemba ni juu kule, mbali na minara ya watu. Kwa mara ya kwanza dereva wa bodaboda hakuulizwa bei, akaendesha kwa wasiwasi njia nzima.

Mpemba, pembeni ya barabara, simu ikasoma nchi yake. Viti viwili: elfu ishirini na tatu na mia tisa. Haikuwahi kuwa chini namna hiyo. Viti vilivyobaki vilikuwa vinne. Shaban alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akakisogeza kidole mpaka kikawa unywele mmoja tu juu ya neno Lipa.

Hapo shetani, ambaye wanasema Ramadhani hufungwa minyororo, akapata upenyo. Alimnong'oneza hesabu ndogo tu. Kutoka mpakani mpaka hapa imeshuka kiasi hiki. Ukizidi kuuacha mpaka nyuma, je?

Lori la rafiki yake mmoja wa zamani lilikuwa linapita kuelekea Mlowo. Shaban akapunga mkono, akapanda, na nauli ilikuwa bure, jambo lililompa moyo zaidi. Njiani mtandao ulikatika, akaona heri, bei ipumzike. Aliteremka Mlowo katikati ya magunia ya mahindi na wanunuzi wa kahawa, watu wanapigiana kelele za bei kila upande, akajiona yuko kwao. Akafungua simu.

Kiti kilichobaki: kimoja. Ada ya huduma, ada ya mfumo, ada ya urahisi, na sasa mgeni mwingine ambaye hawakuwahi kuonana, ada ya dakika za mwisho. Kiti kimoja, elfu thelathini na saba na mia sita.

Kidole chake kilijua kazi. Kilikwenda chenyewe kwenye neno Rudi Nyuma, kama punda anayejua zizi. Karibu yake mnunuzi wa mahindi alikuwa anamwambia mkulima, "Ngoja jioni, itashuka," na mkulima alikuwa anatikisa kichwa. Shaban alimsikia mtu yule akiongea kwa sauti yake yeye Shaban, maneno yale yale. Akayaona majembe yenye udongo mbichi. Aliona lile gauni la kijani likingoja nje ya ukumbi wa Mbeya. Machozi yakamtoka katikati ya soko la Mlowo, mwanamume mzima amefunga.

Akabonyeza Lipa. Akaweka namba ya siri. Ujumbe ukaja kwamba amefanikiwa, na kwamba kuna makato kidogo ya muamala. Hakuyasoma.

Nyumbani alimkuta Zuleha anakuna nazi. Akamwekea simu mbele, ujumbe wa tiketi ukiwa wazi.

"Moja?" Zuleha akauliza.

"Ilibaki moja. Ni yako."

"Bei gani?"

Akamtajia. Zuleha akaacha kukuna. "Na bei ya mwisho?"

"Sikuuliza."

Zuleha alijifuta mkono kwenye khanga, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa nayo. Akarudi kwenye nazi yake. Begi halikutoka mlangoni.

Mwezi ulionekana. Idi Mosi ikapita kwa pilau na wageni, na Idi Pili, saa saba mchana, Zuleha alitoka chumbani na gauni la kijani lile lile, limeachiwa mishono, na hina mpaka kwenye viwiko. Alichukua simu ya mumewe, kwa kuwa tiketi ilikuwa humo. Alipokuwa anavuka kizingiti mguu wake uligonga begi, akalisogeza kando kidogo, akaenda. Shaban alilinyanyua begi lile kujua uzito wake. Lilikuwa zito.

Akamfuata mpaka ukumbini na kubaki nje, kwenye ukuta wa matofali, mahali ambapo jua la Julai lilikuwa linajaribu kufanya kazi yake bila mafanikio. Hakuwa peke yake. Wote aliowaambia wangoje walikuwa pale, wamevaa kanzu na magauni ya Idi, na walimpokea kama inavyostahili.

"Bei ya Mwisho, inasimamaje leo?"

"Hii ya ukutani umetupunguzia ngapi?"

"Tungoje mwezi mwingine uandame?"

Enesi alipita kwenda ndani, amefunga kitambaa kikubwa kichwani. "Ba Shabani! Foni iko ndani, mwenyewe nje?" Akaingia na kicheko chake, kikasikika mpaka kwenye viti.

Muziki ukaanza. Kinanda, kisha ngoma, kisha sauti ya mwimbaji, na watu wa ukutani wakanyamaza kwa husuda. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katika wa tatu vigelegele vikazidi, na kila mtu aliyezaliwa Pwani akajua kinachoendelea: watu wanatunza. Na kwenye taarabu mtu hatunzi kimya kimya. Anakwenda mbele kwa madaha, anamwekea mwimbaji noti, na pamoja na noti anatoa ujumbe, ambao mshereheshaji anausoma ili amfikie anayemhusu na umchome vizuri. Ndoa zimevunjika kwa ujumbe mmoja. Shaban alijua hilo, akabandika sikio ukutani.

"Tuzo hii," sauti ya mshereheshaji ikatoka kwenye spika, "inatoka kwa mama vitumbua wa Sogea! Haya, mama, tunakuona na kijani chako! Ujumbe wake ni kwa mtu mmoja aliyeko nje ya ukuta."

Watu wa ukutani wakamgeukia Shaban. Mmoja akamshika bega kwa huruma, kama unavyomshika mfiwa.

"Anasema hivi: Muheza nitakwenda kusalimia tu."

Ndani wakapiga vigelegele kwa mazoea. Nje wakatazamana.

"Ndiyo mpasho gani huo?" mmoja akauliza. "Mbona hauchomi?"

Shaban alikuwa amechuchumaa chini, mikono usoni, mabega yanatikisika, wasijue kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Alikaa hivyo mpaka ubeti ukaisha. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi kwenye kanzu ya Idi, akapangusa miwani yake isiyoona, akamwendea mlinzi wa getini, pande la mtu kutoka Dar es Salaam ambaye hakuwa akimjua.

"Kijana," akamwambia, "nyimbo tatu zimekwishaimbwa, na mimi nina mke humo ndani. Sasa, bei ya mwisho ngapi?"